Shanga Zinazomngoja Mtoto

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mvua ilipokuwa imepungua juu ya mabati ya chumba tunachoazimwa nyuma ya parokia huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi katika Katanga ya Kongo, mtoto wa miaka tisa alikuwa akijumlisha 47 na 38 kwenye abakasi, kile chombo cha shanga cha kuhesabia. Alikuwa amekwisha kuongeza yale makumi matatu. Hapo pikipiki ikapita barabarani ikipiga honi, naye akainuka, akaenda dirishani, akaitazama mpaka ikapotea konani, kisha akabaki palepale akifuata kwa macho matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka ukingoni mwa bati.

Nilinyamaza. Nilidhani najua kitakachofuata, kwa sababu nilikuwa nimekiona mara nyingi daftarini mwake: angerudi, angeitazama hesabu kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, angeanza upya, angekatizwa tena, na mwishowe angelisukuma daftari kando na kumchokoza jirani yake.

Hakuanza upya.

Aliketi, akazitazama shanga, akasema kwa sauti ndogo, "Makumi saba na saba," akashusha mbili za kulia, akapandisha moja ya kushoto, akaandika 85. Kisha akanyoosha mkono kutaka hesabu nyingine.

Mama yake, ambaye huuza unga kwa meka, kile kipimo cha sokoni, na siku hiyo alikuwa amefunga mapema ili aje kumchukua, alikuwa amesimama mlangoni na ameyaona yote. Akaniuliza, "Mwalimu, kumbe hii ndiyo dawa yake?"

Nikamjibu, "Tutaona, Mama."

Majuma saba yamepita tangu siku ile, na jibu hilo bado linanikereketa.

Karatasi ya mlangoni

Mama yule hakuliokota neno "dawa" njiani. Nilimpa mimi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo nilibandika karatasi kwenye mlango wa parokia, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba abakasi huongeza umakini, huimarisha kumbukumbu na humtuliza mtoto. Maneno hayo sikuyapima. Niliyachukua kama yalivyo kutoka katika matangazo ya kozi za abakasi, ambayo hufanana popote unapoyasoma, nikajiambia kwamba jambo linalosemwa na watu wengi namna hiyo haliwezi kukosa ukweli. Mama aliisoma karatasi ile alipotoka misani, akamleta mtoto juma lililofuata, na tangu hapo ada yake huilipa kwa noti za franga zenye vumbi la unga wa mahindi.

Noti zile ndizo zilizonirudisha kwenye karatasi yangu.

Kumwambia mzazi kwamba mwanawe atajifunza kujumlisha ni ahadi ya mwalimu, na mwalimu anaweza kudaiwa. Kumwambia kwamba akili ya mwanawe itageuka ni ahadi ya namna nyingine kabisa, na inamgusa mzazi aliyechoka mahali panapouma. Mtoto huyu ameitwa mtundu, ameitwa mkaidi, na kuna jirani aliyesema ana pepo. Nkambo wake, kama huku tunavyowaita babu na bibi, amefunga na kumwombea. Shuleni amesimamishwa ukutani mara zisizohesabika. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo hana haja ya kushawishiwa. Ukimwonyesha mlango wowote ulio wazi ataingia, na kwa sababu hiyo anayemwonyesha mlango ana wajibu wa kujua kilichomo ndani.

Kabla ya shanga

Madaktari wana jina la ugumu wa umakini unaofuatana na kutotulia, nalo kwa Kifaransa hufupishwa TDAH. Mwongozo wa uchunguzi uliotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla mtoto hajatimiza miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, si shuleni peke yake. Sharti hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwetu. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi katika shule za serikali ilipofanywa kuwa ya bure, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, jambo ninalolifurahia kwa moyo wote. Lakini madawati hayakuongezeka kwa kasi ile ile. Mtoto anayebanwa kati ya wenzake watatu kwenye dawati la wawili, katika darasa la watoto sitini, hawezi kuhukumiwa kwa kugeuka geuka kwake.

Wapo pia wanaotazama dirishani kwa sababu ubao hawauoni, au sauti ya mwalimu haiwafikii vizuri, au walilala bila kula, au homa ya malaria haijawatoka. Nilimwomba mama ampeleke mtoto akapimwe macho na masikio. Vyote vilikuwa vizima. Nilimwuliza kuhusu nyumbani, naye akanieleza kwa kirefu: anatumwa chumvi, anarudi bila chumvi wala pesa, na akiulizwa anashtuka yeye mwenyewe, anainuka kwenye bukari, yaani ugali, mara tatu kabla sahani haijaisha, anaanza kufunga kiatu kimoja na kusahau cha pili. Daktari aliyemwona baadaye ndiye aliyelitaja lile jina, na ndiye mwenye haki ya kulitaja. Wajuzi wa mambo haya wana njia zao: kuwafundisha wazazi namna ya kutoa maagizo mafupi, kurekebisha mambo darasani, na kwa baadhi ya watoto, dawa halisi zinazotolewa na kufuatiliwa na daktari.

Katika njia hizo abakasi haimo.

Makumi saba na saba

Basi nilichokiona dirishani kilikuwa nini?

Abakasi tunayoitumia, ambayo walimu wetu kwa mdomo wa Kifaransa huiita bulie, imefuata mtindo wa soroban ya Japani: kila mstari una ushanga mmoja juu ya kizuizi wenye thamani ya tano, na shanga nne chini yake zenye thamani ya moja moja. Ile ya Wachina kwa desturi ina mbili juu na tano chini, na ustadi wa kuitumia UNESCO iliuingiza mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Zetu zilitengenezwa na seremala wa mtaani, kwa mbao alizobakiza na sipoku za baiskeli. Kila moja ina mistari 13, yaani shanga 65, na alilalamika sana juu ya kuzitoboa.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona katika matangazo yoyote, nalo linatuhusu sisi wa Lubumbashi. Kiswahili cha vitabu kinasema sabini na saba. Shuleni mtoto anafundishwa kusema "septante-sept", kisha akifika themanini anakutana na "quatre-vingts", nne mara ishirini, na mpangilio wote unavunjika. Nyumbani, lakini, kwa lugha anayoota nayo, anasema makumi saba na saba. Sasa tazama abakasi: mstari wa makumi una saba, mstari wa kulia una saba. Anachokisema ndicho anachokigusa. Mara nyingi tumeambiwa kwamba Kiswahili chetu cha mitaani ni kibovu, na nakiri kwamba nami nimewasahihisha watoto wengi kwa neno hilohilo. Kumbe kwa mtoto ambaye kila hatua ya kutafsiri ni njia panda ya kupotelea, "makumi saba" inamwondolea njia panda moja.

Ila hata hiyo haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa niliielewa nilipolichukua daftari lake la shule na kufuata makosa yake moja baada ya jingine, usiku, kwa mwanga wa taa ya kuchaji. Karibu kila kosa lilikuwa pale penye kubeba. Saba na nane kumi na tano, unaandika tano, unabeba moja. Unaibeba wapi? Kichwani. Na katika muda mfupi ule wa kuibeba, pikipiki ikipita, au mwenzake akicheka, ile moja huanguka, na hakuna mahali pa kuiokota. Watoto wengine huandika alama ndogo juu ya tarakimu, na mwalimu wa darasa hilo huifuta kwa sababu inachafua daftari.

Kwenye abakasi hakuna kinachobebwa kichwani. Ile moja inakuwa ushanga, na ushanga unabaki pale ulipowekwa. Mtoto anaweza kwenda dirishani, akatazama pikipiki, akayafuata matone, akarudi: kazi yake imemngoja, katika hali ileile aliyoiacha, bila kumlaumu. Kutazama shanga kunamwambia amefika wapi, kwa sababu 77 si 47 tena.

Kwa hiyo umakini wake haukuwa umeongezeka. Ulikatika kama unavyokatika siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii kukatika hakukumgharimu kila kitu.

Nilipomwondolea shanga

Ningeyaelewa hayo mapema, nisingefanya nilichofanya.

Kozi nyingi za abakasi hulenga mahali pamoja: siku moja mtoto aweke chombo kando, afumbe macho, na kuhesabu kwa abakasi aliyoichora akilini. Wenye ustadi huo hushangaza watu, nami nimewaona watoto wangu watatu wakifika huko, vidole vyao vikicheza juu ya meza tupu kana kwamba sipoku zipo. Nikajiambia kwamba ikiwa hii ni dawa kweli, lazima ifanye kazi hata chombo kisipokuwepo. Swali la mama lilikuwa limenitia haraka. Nilitaka "tutaona" igeuke "umeona", na nilitaka iwe kabla mwaka wa masomo haujaisha.

Juma la tatu baada ya Jumamosi ile nilimwambia aifunike abakasi kwa kitambaa na ajumlishe tarakimu tano kichwani. Vidole vyake vilianza vizuri. Kwenye tarakimu ya tatu vikasimama. Akanitazama, akatazama kitambaa, akaanza upya, vikasimama tena. Mara ya nne alipiga meza kwa kiganja, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi huku mgongo wake ukinielekea. Jumatano iliyofuata hakuja. Mama alituma ujumbe kwamba mtoto amesema hesabu zimerudi kuwa zile za shule.

Sentensi hiyo ya mtoto wa miaka tisa ilinifundisha zaidi ya kozi niliyoilipia. Nilikuwa nimemchukulia mtoto mahali pake pa kuwekea mawazo, nikamrudishia mzigo uleule uliomshinda, kisha nikauita mzigo huo hatua ya juu.

Waliopima

Ndipo nilipoanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Mwaka 1983 watafiti wawili wa Japani, Giyoo Hatano na Keiko Osawa, walichapisha uchunguzi wa mabingwa wa kuhesabu kwa abakasi ya kichwani. Mabingwa hao walikumbuka mfululizo mrefu wa tarakimu kuliko mtu wa kawaida, kwa mbali. Lakini walipopewa herufi, au majina ya matunda, walikuwa sawa na watu wengine wote. Ghala lao lilijengwa kwa ajili ya tarakimu, na halikupokea mzigo mwingine.

Mwaka 2016 David Barner na wenzake walitoa matokeo ya kazi iliyowagusa zaidi watoto wa umri wa huyu wangu. Huko Vadodara, India, waliwafuatilia watoto takribani 200 kwa miaka 3. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa masomo ya abakasi, na wengine wakapewa saa hizohizo za ziada kwa hesabu za kawaida, jambo ambalo ni la haki, kwa sababu mtoto yeyote anayeongezewa saa huenda mbele kidogo. Waliojifunza abakasi waliwapita wenzao katika hesabu. Hilo lilinipa faraja. Katika uwezo wa jumla wa akili, ule ambao matangazo huuita umakini na kumbukumbu, mafunzo hayo hayakuonekana kuleta badiliko. Na walionufaika zaidi ni wale walioanza wakiwa tayari na uwezo mzuri wa kushika akilini picha ya mahali vitu vilipo.

Aya hiyo niliisoma mara tatu.

Watoto wenye ugumu wa umakini ndio ambao, mara nyingi, uwezo huo wa kushika picha akilini ni mdogo. Maana yake ni kwamba ile sehemu ya kozi tunayojivunia zaidi, macho kufumbwa na watu kupiga makofi, ndiyo inayoweza kumfaa kidogo zaidi mtoto tuliyemvuta mlangoni kwa jina lake. Na sehemu tunayoiharakisha, ile ya kugusa shanga halisi za mti, ndiyo iliyomfanya amalize hesabu baada ya kutoka dirishani.

Kidole cha shahada

Nilipokuwa katika mawazo hayo nilikumbuka lukasa. Sisi watu wa Katanga tunayo desturi ya kuitaja kama fahari ya makumbusho na kupita. Lakini lukasa ilikuwa chombo cha kazi: ubao wa Waluba, wenye shanga na simbi zilizopangwa, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto na kuugusa kwa kidole cha shahada cha kulia, huku wakisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Watu wale walikuwa na kumbukumbu iliyofunzwa kwa miaka mingi. Hata hivyo hakuna aliyewaambia kwamba ustadi wa kweli ni kuweka ubao kando.

Punje ya haragi

Kwa hiyo tumebadilisha mambo. Alikubali kurudi nilipomwahidi kwamba kitambaa hakitatumika tena, na ahadi hiyo nimeishika.

Shanga hazimalizi shida zote, na ningekosea kuandika karatasi nyingine yenye sifa za kupita kiasi. Katika hesabu ya tarakimu kumi zilizopangwa kwenda chini, shanga humwambia jumla aliyofikia, lakini hazimwambii alikuwa kwenye mstari wa ngapi. Hapo alikuwa akipotea vibaya, akiongeza tarakimu moja mara mbili au kuiruka. Tulijaribu kumfanya afuate kwa kidole, na kidole kilikwenda dirishani pamoja naye. Sasa anatumia punje ya haragi, yaani haragwe: akimaliza mstari anaisogeza. Ni chombo cha pili kinachongoja.

Tumepunguza muda pia. Badala ya saa nzima, anafanya dakika nane, anainuka, anazunguka ua wa parokia, anarudi. Wazazi wawili waliniuliza kwa nini yeye anaruhusiwa kutoka na watoto wao hawaruhusiwi, nikawaruhusu wote, wengi hawatoki.

Jambo gumu lilikuwa shule. Mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa tayari kumwachia abakasi dawatini, na ninamshukuru, kwa sababu ana watoto sitini na mmoja na hakuna anayemlipa kwa kuwafikiria mmoja mmoja. Sharti lake lilikuwa sauti. Shanga za mti zikigonga sipoku, dawati zima linageuka, na mtoto tuliyetaka kumsaidia anakuwa chanzo cha kelele. Seremala alijaribu kupaka nta, haikutosha. Akazibadilisha shanga kwa vipande vilivyokatwa kwenye soli ya kandambili na kuubandika mgongo wa fremu kitambaa kizito. Sasa zinasogea bila kusikika, na zinashika palepale zinapoachwa, hata dawati likitikiswa. Rangi yake ni ya buluu na haipendezi. Mtoto anaipenda kuliko ile ya mti.

Shuleni bado anasimamishwa ukutani, si kwa hesabu, bali kwa kuzungumza wakati wa imla. Imla haina shanga.

Nilivyomjibu Mama

Jumamosi iliyopita niliitoa karatasi mlangoni. Nyingine niliyoiweka inasema: tunafundisha watoto kuhesabu kwa abakasi, Jumatano na Jumamosi. Kisha nilikwenda kwa mama, mahali anapouzia, kwa sababu nilihisi kwamba jambo hili halifai kusemwa kwa simu.

Nilimwambia kwamba swali lake nililijibu vibaya. Nilimwambia kwamba hii si dawa, kwamba maneno niliyoyaandika kuhusu umakini sikuwa na haki ya kuyaandika, kwamba aendelee kumpeleka kwa daktari tarehe anazopewa, na kwamba nilichokiona kwa mwanawe ni hiki: akipewa kitu kinachomngoja, anarudi na kumaliza. Nilimwambia pia kwamba akitaka ada yake ya miezi iliyopita, nitamrudishia.

Aliendelea kusawazisha unga juu ya meka kwa kijiti, akamhudumia mteja, akamrudishia chenji. Kisha akasema, "Mimi nilijua siyo dawa, Mwalimu. Dawa ingemfanya asiende dirishani. Mimi nilishangaa kwa sababu alirudi."

Ada hakuitaka. Aliuliza bei ya ile ya buluu, kwa sababu mtoto amekwisha kuisahau shuleni mara mbili, na siku akiisahau jioni nyumbani ni kilio. Nikamtajia bei ya seremala. Alihesabu noti, akazifuta vumbi la unga kwenye kitenge chake, akanipa.

"Amtengenezee nyingine," akasema. "Moja ibaki shuleni, moja ibaki kwangu."